Majibu ya pua uliyaona?

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu kutoka Dar, joto lenyewe unalijua. Pole na upasuaji. Nimesoma malalamiko yako: ukuta wa pua umenyooshwa, daktari kasema uko vizuri, ila wewe unaona pua imeziba vilevile, na hela imekwenda bure. Usiwalaani watoto wa watu kwanza. Nikuulize: majibu yako uliyaona, au uliambiwa tu?

Mimi kabla ya kupasuliwa nilijazishwa fomu ya maswali matano kuhusu pua kuziba. Kila swali unajipa alama 0 hadi 4, jumla wanazidisha kwa 5, kwa hiyo 100 ndiyo pua iliyofunga kabisa. Halafu nikavalishwa barakoa yenye mrija wa kupimia. Fumba mdomo, vuta kwa pua kwa nguvu zako zote! Nikavuta mpaka barakoa ikaniganda usoni, kishale nacho kikajikokota kidogo tu kwenye mistari ya lita kwa dakika.

Niliporudi kliniki nilikuwa nanung'unika kama wewe. Daktari hakubishana. Alinipima upya, akaniwekea karatasi mbili mezani, ya kabla na ya baada. Kishale kilikuwa kimepanda sana, lakini kilichoniziba mdomo ni fomu ya zamani: kwenye swali la usingizi nilijipa 4, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Usiku wa kukaa kitandani nikihema kwa mdomo nilikuwa nimeshausahau! Kuanzia hapo nikaanza kuisikia hewa.

Utasema ni akili tu. Akili imo, sikatai. Ila pua yenyewe haijui kupima wingi wa hewa. Inachosikia ni ubaridi wa hewa inayopita kwenye utando, ile ngozi laini ya ndani ya pua. Ndiyo maana ukimung'unya pipi ya mentholi unahisi umefunguka, kumbe njia haijapanuka hata kidogo. Sasa utando wako bado umevimba na una magamba, ubaridi huo utausikia wapi? Tena matundu hupokezana: kwa saa kadhaa hili linabana kidogo, lile linaachia, kisha yanabadilishana. Asiyejua atasema ugonjwa umerudi.

Lakini wasikunyamazishe kwa namba. Kipimo na hisia mara nyingi havilingani, na wapo wenye kipimo kizuri ambao bado wanahisi kukosa hewa. Hao nao wasikilizwe.

Ukirudi kliniki sema, "Daktari, naomba nione majibu ya kabla na ya sasa." Kama hawakukupima mwanzo, omba akuoneshe ndani kwa kamera. Na endelea kusafisha kwa maji ya chumvi, najua wewe ni mvivu. Damu ikitoka nyingi au homa ikipanda, usinisubiri mimi, wahi hospitali.

Msalimie mama. Kanga zake nitampa dada akija huko Tanga mwisho wa mwezi.

Wako,
Zuhura