Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya: Askari Wapimwe Akili Kabla ya Kufukuzwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa dada wa askari aliyehudumu Somalia mara mbili, na ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Tangu majeshi yetu yavuke mpaka Oktoba 2011, vijana wengi wameshuhudia mambo yasiyobebeka. Alfajiri ya Januari 15, 2016, kambi ya jeshi letu ya El Adde, huko Somalia, ilipovamiwa na Al-Shabaab kwa gari lililosheheni vilipuzi, mdogo wangu hakuwapo, lakini baadhi ya waliokufa pale alikuwa amekula nao sahani moja. Aliporudi nyumbani akawa analala sakafuni, ameegemea mlango, viatu miguuni. Mvua ikianza kupiga mabati alitoka akasimama uani, akalowa mpaka ikatike, kwa sababu akiwa ndani, alituambia, hawezi kumsikia anayekuja. Mama alidhani amerogwa.

Alipochelewa kurejea kambini kwa mara ya tatu alishtakiwa kwa utovu wa nidhamu, akaachishwa kazi, na matibabu yakaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza usiku analalaje.

Mheshimiwa, kiwewe cha vita kiliingizwa rasmi na madaktari wa akili wa Marekani katika orodha yao ya magonjwa mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na dalili zake zinajulikana: jinamizi, hasira za ghafla, kushtuka kwa kishindo kidogo, na zaidi ya yote kukwepa chochote kinachomkumbusha mtu yaliyompata. Askari anayeikwepa kambi kwa sababu hiyo huandikwa mtoro, ilhali huenda utoro wenyewe ndio ugonjwa unaojionyesha. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Ikiwa raia ameanza kutazamwa kama mgonjwa, sioni kwa nini askari asitazamwe vivyo hivyo.

Ninaomba uagize kwamba askari yeyote aliyetumwa Somalia asiachishwe kazi kwa kosa la nidhamu kabla ya kupimwa na daktari wa akili, na faili za waliokwisha kufukuzwa zifunguliwe upya. Mdogo wangu sasa anachunga ng'ombe wa jirani. Siku atakapoitwa kupimwa, nitamleta mimi mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Dada wa askari wa zamani, Kakamega