Baba, pesa za kahawa zikae kwanza

Köln, Ujerumani

Shikamoo Baba,

Huku sijambo, ila baridi imeshaanza kutubana. Mwambie Mama aangalie simu, nimemtumia ya sikukuu.

Nimekiona kile kipeperushi ulichonipigia picha, cha yule jamaa wa Kiboriloni anayeuza hisa za mtambo wa kugeuza moshi wa viwandani kuwa mafuta. Umeuliza kama ni uongo. Jambo lenyewe lipo. Karibu na hapa kuna kituo cha umeme wa makaa ya mawe, Niederaussem, na tangu 2009 wananasa hewa ukaa kwenye moshi wake. Moshi unapandishwa ndani ya mnara huku ukinyeshewa maji yenye dawa iitwayo amini. Dawa inaishika hewa ukaa, kisha inachemshwa hadi kama nyuzi 120 iiachie ikiwa safi. Wameshaijaribu hapo hapo kuifanya methanoli, ile inayotengenezea gundi za mbao na plastiki; siku hizi hata meli zinaitumia kama mafuta.

Lakini wewe umezeeka na boila za kiwanda cha sukari cha TPC, Baba. Bagasi, yale makapi ya miwa, ikishaungua umewahi kuiwasha tena? Hewa ukaa ni majivu. Ili iwake lazima uipe haidrojeni, na haidrojeni isiyotoka kwenye gesi au makaa inapatikana kwa kupasua maji kwa umeme. Tani moja ya methanoli inataka haidrojeni kama kilo 190, na kila kilo inakula uniti 50 na ushee. Hapo ni karibu uniti 10,000. Ukiichoma tani hiyo, joto lake ni kama uniti 5,500 tu! Aisilandi walijenga kiwanda cha namna hii mwaka 2012, baadaye wakakipanua hadi tani 4,000 kwa mwaka, kwa sababu wamekalia umeme wa jotoardhi.

Yapo matumizi yasiyodai haidrojeni nyingi hivyo. Tuticorin, India, moshi wa boila ya makaa unatengenezewa magadi ya viwandani. Hata urea unayoweka kwenye mahindi ina hewa ukaa ndani yake, imeunganishwa na amonia. Hayo ningeyasikiliza.

Sasa kipeperushi kinasema mtambo "hautumii umeme wala maji". Hapo ndipo aliponichekesha. Muulize haidrojeni anaitoa wapi, na umlipe baada ya kukuonyesha, si kabla. Na mzee mwenzako wa Kibosho aliyekwisha toa laki mbili, mwambie akazidai wiki hii hii.

Mwanao,
Aloyce