YAH: Malalamiko juu ya fomu ya taarifa za nyumba mliyotaka nisaini kwa tarehe ya nyuma

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima zote, ingawa kijana wenu wa ofisi ya udalali ya Mtwara mimi heshima hiyo hakunipa hata chembe.

Utaratibu wenu mnaujua, siji kuwafundisha. Fomu anapewa mnunuzi kabla hajatoa hata shilingi, ikiwa imejazwa, muuzaji kasaini, dalali kasaini na kaandika anamfanyia nani kazi. Mimi hiyo fomu nimeiona muuzaji keshalipwa na komisheni yenu milioni mbili na laki nne mshaiweka mfukoni. Tena nimeiona tupu! Pa kuandika kama maji yanaingia hapana kitu, pa mgogoro wa mpaka hapana kitu, pa dalali anamwakilisha nani hapana kitu, ila kwenye nafasi ya saini yangu mtu keshaweka alama ya x kwa penseli na tarehe keshaniandikia, tarehe ya kabla hata sijaoneshwa hiyo nyumba.

Nikauliza hii tarehe vipi. Nikajibiwa mbele za watu, "Mama hii fomu haisomwi, inasainiwa tu, wakaguzi wa makao makuu wanakuja kesho." Afu akanisukumia peni.

Sikusaini. Na sikuirudisha, ninayo ndani, x ya penseli bado ipo.

Sasa mvua zilipoanza ndo nikaelewa kwa nini fomu ilikuwa tupu. Maji yameingia sebuleni usiku, asubuhi rangi ya ukutani inabanduka vipande vipande na chini yake kuna mstari wa maji ya zamani, wa kahawia, usawa wa goti, umezunguka chumba kizima. Rangi mpya ilipakwa kuanzia sakafuni mpaka juu kidogo ya huo mstari basi, kwingine wakaacha ile ya zamani, ukisogea karibu unaona kabisa ni rangi mbili. Jirani akaniambia hapa Chuno kwenye huu mtaa wetu maji yanapita kila mwaka, na siku fundi anapaka alikuwepo kijana wa ofisi yenu anamwelekeza. Yule yule! Kwa hiyo mlijua, na fomu ipo kwa ajili ya jambo hilo hilo mlilokuwa mnalijua.

Nilipokuja kulalamika nikaambiwa faili langu halijakamilika kwa sababu fomu haina saini yangu, kwa hiyo ofisi haiwezi kunisikiliza. Yaani nisiposaini uongo sina haki, nikisaini ndo nimekubali kwamba niliambiwa.

Narudia lile la ofisini kwa sababu sitaki mlipite juu juu. Nilikuwa na shemeji yangu. Kwenye benchi walikaa wateja wengine, mmoja mzee wa watu katoka Tandahimba anatafuta kiwanja. Nilikuwa nimevaa miwani nasoma ukurasa wa kwanza, kijana wenu kainuka, kaninyang'anya karatasi mkononi, kaiweka mezani, akawa anagonga kidole pale kwenye x, tap tap tap, huku anasema kwa sauti, "Bimkubwa utatuchelewesha, hapa kuna watu wa korosho wana hela mkononi na hawaulizi maswali." Akacheka, na dada wa mapokezi naye akacheka. Shemeji yangu akainamisha kichwa. Mimi nimekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika toka mfumo wa stakabadhi ghalani unaingia Mtwara 2007, nimesainisha wakulima miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja niliyemwandikia tarehe ya uongo, leo mtoto wa kumzaa mwenyewe anigongee kidole nisaini nisichokisoma.

Akaniambia pia hizo fomu ni mambo ya Wazungu mmeiga tu. Haya, hao mliowaiga nimewasoma. New York wakala anakupa fomu ya anamwakilisha nani mwanzoni kabisa, mazungumzo ya maana yanapoanza. California muuzaji akileta fomu ya kasoro mkataba ushasainiwa, mnunuzi ana siku 3 za kujitoa akikabidhiwa mkononi, siku 5 ikija kwa posta. Hiyo mbona hamkuiga?

Na komisheni mmechukua kwangu na kwa muuzaji pia, kaniambia mwenyewe kwenye simu, mimi mlinificha.

Nilikuwa nataka mnirudishie komisheni yangu na mniletee fomu iliyojazwa ukweli, kijana aniombe radhi mbele ya shemeji yangu, yaishe. Lakini kila nikiandika naona hiyo haitoshi. Nataka mkataba uvunjwe na hela yangu yote ya nyumba irudi, nyie ndo mnifuatilie kwa muuzaji maana nyie ndo mlionipeleka. Sheria ya Mikataba Sura 345 kifungu cha 19 inasema mkataba uliopatikana kwa kudanganywa aliyedanganywa anaweza kuuvunja, na ukuta uliopakwa rangi kuficha maji mtauitaje?

Mwisho wa mwezi huu ukifika kimya, naenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nakala Tume ya Ushindani, na TRA nitawapelekea ile karatasi ya daftari mliyoniandikia badala ya risiti ya EFD. Hiyo tarehe ya kughushi itaenda polisi na fomu yake.

Majibu nayataka kwa maandishi yakiwa na muhuri. Msinipigie simu, na yule kijana asitumwe kwangu.

Mnunuzi wa nyumba ya Chuno,
Mtwara