"Fundi, hii siyo rangi niliyochagua"

Mwezi huu nimeambiwa maneno hayo mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Tabata. Mama mwenye nyumba aliyasema mbele ya vijana wangu, kwamba nimekula hela na kununua rangi ya bei ya chini. Iliniuma, maana ndoo ilikuwa palepale, na namba iliyoandikwa kwenye kifuniko ndiyo aliyonitumia mwenyewe kwa WhatsApp.

Sikubishana. Nilichovya brashi kwenye rangi iliyobaki, nikapaka karatasi nyeupe, nikaiacha ikauke, tukatoka nayo barazani. Nje ilikuwa krimu safi. Tukairudisha sebuleni, tukaiegemeza ukutani, ikageuka pinki kama ukuta wenyewe. Taili zake ni za rangi ya udongo. Jua la saa kumi linazipiga, na wekundu wake unapanda ukutani.

Krimu, pembe za ndovu, beji, kijivu cha mawe: zote ni rangi nyeupe iliyotiwa njano, nyekundu au nyeusi kidogo sana kwenye mashine ya kuchanganyia rangi dukani. Kwenye katalogi, kipande kisichozidi kiberiti, utaapa zinafanana. Ziweke juu ya karatasi nyeupe tupu uone: hii inavuta njano, hii pinki, hii kijani. Kijivu ndicho kinachonipa kazi zaidi. Kukiwa na mwembe dirishani kinaingia ukijani, na usiku chini ya balbu za 6500K, zile za mwanga mweupe mkali, ambazo nyumba nyingi wanazo, kinakuwa bluu kama wodi. Balbu za 3000K, za mwanga wa njano, nazo zinaivuta krimu kwenye njano. Halafu mtu anachagua kwenye simu, usiku, yuko kitandani.

Ndiyo maana kwenye bei yangu kuna lita moja ya majaribio na nusu siku ya fundi, na ndicho kitu cha kwanza wateja wanachotaka nikate. Napaka vipande vya mita moja kwenye kuta mbili, mikono miwili, yaani mara mbili, juu ya praima, ile rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta. Rangi ya zamani ikiachwa chini inachungulia. Mteja anaangalia asubuhi, jioni, na taa zikiwaka. Na asiangalie rangi mbichi, kwa sababu emulsheni nyingi, yaani rangi za maji za ukutani, hukolea zikikauka.

Kinachonikera kuliko vyote ni kununua rangi nyeupe na kichupa cha kukolezea, ukakoroga kwa kijiti. Mteja mmoja wa Mbagala alifanya hivyo kwa ndoo mbili za lita 20. Ya kwanza ikaishia katikati ya ukuta wa sebule, na ya pili haikufanana nayo hata alipoongeza kichupa kingine. Aliponiita tulipiga msasa, tukarudia praima, akanunua ndoo mbili upya. Mimi hata rangi ya mashine, zikiwa ndoo mbili nazimimina pamoja kwenye pipa kabla ya kuanza. Vijana wanasema nachelewesha kazi. Waseme.

Mama wa Tabata nilimpakia vipande vitatu. Alikaa navyo siku mbili, akachagua ile ambayo kwenye katalogi aliikataa kwamba ni ya kijani. Rangi amenunua yeye, ufundi nimebeba mimi, kwa sababu siku ya kwanza aliponiambia tuache majaribio nilikubali, na sikupaswa kukubali.