Mwaju, nisomee hili jibu kabla ya Ijumaa

Ujiji, Kigoma
Jumanne usiku

Shoga yangu Mwaju,

Mwakeye, kama Kiha hakijakutoka huko Unyamwezini. Sisi wazima, mama mzima, bibi anakusalimu na bado anauliza ungo wake utarudi lini. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Usininunie, nina shida.

Yule mwalimu wetu niliyekwambia, anayetuandikia ukurasa mmoja kila Jumapili kuhusu mji huu, halafu kila mwanafunzi lazima amjibu kwa maandishi, ndiye kaniweka pabaya. Mwezi uliopita aliandika kuhusu meli yetu ya Liemba: Wajerumani walivyoizamisha wenyewe mwaka 1916, ikiitwa bado Graf von Götzen, mitambo wameipaka grisi kama watu wanaotoka kidogo tu watarudi, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Nikajaza kurasa mbili za sifa. Mwalimu kalamu yako tamu, mwalimu umenigusa. Karatasi ikarudi na nne ya kumi na wino mwekundu: “Umenisifu. Hujanijibu.” Riziki alicheka mpaka akatoa machozi, na yeye alipata tatu.

Basi Jumapili hii akaandika kuhusu kufungwa kwa ziwa. Ile ya 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Kaandika vizuri, sikatai. Ziwa ni letu na Wakongo na Warundi na Wazambia, wote tukivua bila kupumzika tutabaki na maji matupu. Hapo mimi na yeye hatugombani. Ila kuna sentensi moja imenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka: “Miezi mitatu si kitu.”

Si kitu! Wewe uliondoka Aprili, hukuona. Mwalo wa Katonga kimya, chanja tupu, mbuzi wamejilalia kivulini chini yake. Unamjua mama, mwezi wake ni wa angani. Giza likiingia wanavua, anapata dagaa wa kuanika. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, naye anapumzika. Miezi ile giza lilikuja likaondoka, hakuna taa hata moja majini. Na bado alikuwa akiamka saa kumi na moja, anachukua ule ufagio wake wa kugeuzia dagaa, anafagia uwanja. Uwanja ule ule, mara tatu kwa siku. Halafu ikaja siku ya rejesho la mkopo wa kikundi. Wenzake wakaja watano, wale wale anaokwenda nao misibani, wakakaa mkekani wakanywa chai yetu, hawakuondoka mpaka alipoingia ndani akatoka na vile vitenge viwili vya harusi ya dada.

Nimeyaandika yote. Vitenge, chai, kila kitu. Leo kanirudishia: tisa! Na pembeni: “Hili ndilo jibu. Ijumaa ulisome mbele ya darasa.”

Sasa ndipo nilipokwama. Darasani yupo binti wa yule aliyeshika daftari la kikundi siku ile. Nikiiondoa habari ya vitenge, ninabaki nabishana na sentensi tu, maneno matupu. Nikiiacha, mpaka adhuhuri Ujiji nzima itakuwa inajua. Mama mwenyewe hajui. Jana kaniuliza naandika nini usiku wote huo, nikasema hesabu. Akaniongezea mafuta kwenye wali.

Na kumpinga mwalimu mbele ya watu unaanzaje? “Shikamoo mwalimu, umekosea”? Nimejaribu mbele ya kioo, nikacheka mwenyewe. Halafu hiyo tisa... basi, tuache.

Picha za jibu nakutumia pamoja na barua hii. Lisome, usinionee haya. Ungekuwa wewe ungelisoma lote? Nikisema ni habari za jirani, nitakuwa nimemdanganya nani? Nimwombe mama ruhusa kwanza, na akikataa je? Pale kwenye mkeka nimewasema vibaya mno wale akina mama, au ndiyo ilivyokuwa? Na dagaa niliompa Shabani akuletee kwa treni walifika, au kawala njiani? Asali yangu iko wapi?

Simu yangu chaji haifiki saa tatu usiku. Ukikosa, nipigie kwa Riziki, ila usimwambie lolote.

Wako,
Zai