Majina umefuta, lakini safu ya kabila bado inamtaja mgonjwa

Mteja mwingine amelalamika kwamba tumemlangua. Alituletea faili la Excel la wagonjwa wa kliniki anazosimamia, akataka tulisafishe, yaani mgonjwa asitambulike, ndipo limwendee mfadhili wake Ulaya. Kuona ankara, akauliza: majina nimeshafuta mwenyewe, mnanitoza nini tena? Wenye miradi ya afya wanatuuliza hivyo kila mara, kwa hiyo tunajibu hapa.

Chukua mstari mmoja tu, nasi tumebadilisha maelezo: mwanamke, miaka 34, Mborana, mwalimu, wadi moja ya Kisumu, anatumia ARV. Jina halipo. Lakini wadi ile ina walimu wangapi wa Kiborana, watu wa kaskazini mwa nchi? Muuza duka wa pale atakuonyesha nyumba yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu hali ya afya na asili ya kikabila kuwa data nyeti, zote mbili. Ukitaka kuzitoa nje ya nchi, unahitaji idhini ya mwenyewe na uthibitisho kwamba zitalindwa huko ziendako. Fomu za mteja huyu zilikuwa na idhini ya matibabu peke yake. Mgonjwa aliyekubali kudungwa sindano hajakubali rekodi yake ivuke mpaka.

Wapo wanaoogopa sheria hadi wanafuta safu nzima ya kabila. Hilo nalo tunalipinga. Tumewahi kushughulikia data ya selimundu kutoka maeneo ya Ziwa Victoria. Ugonjwa huu wa damu hurithiwa, na umeenea zaidi katika jamii zilizoishi na malaria vizazi na vizazi, kule ziwani na Pwani. Ukiondoa safu hiyo, anayepanga upimaji wa watoto wachanga anabaki kubahatisha. Sheria haikatazi kuuliza kabila. Inataka uwe na sababu na umwambie mhojiwa sababu hiyo. Kazi ikiwa na hatari kubwa kwa haki za watu, inataka pia tathmini ya athari, na ripoti yake imfikie Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza. Anayekuja wahoji wakiwa tayari wamepanda gari, hatuwezi kumsaidia kwa bei yoyote.

Hata serikali ilikwama hapa. Mwaka 2015 ilitolewa amri ya kuorodhesha watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema amri hiyo imevunja Katiba, na majina yaliyokusanywa yageuzwe misimbo.

Misimbo ndiyo mwanzo wa kazi yetu, na ufunguo wake, yaani orodha ya msimbo upi ni wa nani, hatuuweki kwenye kompyuta moja na data. Umri tunaugeuza makundi, wadi inakuwa kaunti ndogo. Kisha majedwali: seli (kisanduku) yenye watu chini ya 5 tunaificha. Lakini ukificha seli moja na kuacha jumla chini, mtu atatoa seli zilizobaki kwenye jumla na kuipata namba. Inabidi ufiche ya pili kwenye mstari uleule, halafu ukague safu, maana huko nako kuna jumla. Jedwali la makabila 12 kwa kaunti ndogo 7 linakaguliwa seli kwa seli, na watu wawili. Hapo ndipo pesa yako inakwenda, na hatupunguzi.

Kuna mteja aliyeona ghali, akatuma faili kwenye kundi la WhatsApp la mradi. Mfadhili alipojua aliikataa data yote. Wahoji wakarudi kutafuta idhini upya, wakalipwa mara ya pili, na familia kadhaa zikakataa hata kufungua mlango. Na faini hatujaitaja: inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Tuletee dodoso kabla halijachapishwa. Kulipitia na kurekebisha fomu ya idhini ndiyo kazi ya bei ya chini kabisa tuliyo nayo.