Wakulima wa juti Faridpur wapewe maji kwanza

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu juti, mmea wa nyuzi za magunia, ya Faridpur, Bangladesh, imewabebesha wakulima lawama ya nyuzi nyeusi zisizo na bei. Lawama hiyo si ya haki. Juti huvunwa Julai na Agosti, kisha matita ya mabua hulowekwa kwenye maji safi yanayotiririka polepole, siku 10 hadi 20, mpaka ganda lenye nyuzi liachie. Mfereji ukijaa mchanga wa mto Padma, mkulima hukimbilia dimbwi na kukandamiza matita kwa tope na magogo ya mgomba. Hapo ndipo nyuzi huharibika: chuma iliyomo topeni hukutana na tanini, kemikali iliyomo kwenye mgomba, rangi ikawa nyeusi. Zikizidishiwa siku, hukatika.

Naomba uongozi wa wilaya na upazila (wilaya ndogo) zake 9 wachimbue mifereji wakati wa kiangazi, kabla ya Juni. Pasipo na maji ya kutosha, maofisa kilimo wafundishe kuchuna ganda bichi na kuliloweka peke yake, maana shimo dogo hutosha. Vizito viwe vipande vya zege, kamwe si tope.

Msomaji wenu